Tulikwenda Dodoma Kutafuta Nyumba

Wasomaji wetu wengi mnaifahamu hali hii, hata kama hamwisemi kwenye kikao cha akina mama. Baba yuko Dodoma, mama na watoto wako Dar es Salaam. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na kwa miaka mingi ulibaki jambo la hotuba. Kisha Julai 2016 ikatangazwa kwamba sasa serikali inahama kweli, wizara zikaanza kufungasha mafaili, na watumishi wakabeba masanduku yao. Masanduku yalihama upesi. Familia zilichelewa.

Yetu ni mojawapo. Baba watoto alipata uhamisho mwanzoni mwa 2023. Tulikubaliana atangulie, apange chumba, nasi tufuate mwaka ukiisha. Mwaka uliisha, ukaisha na wa pili. Kwanza sababu ilikuwa shule, halafu zikawa cherehani zetu mbili pale Tabata na wateja wa miaka tisa, halafu kwaya ya watoto, halafu Krismasi. Yeye alikuwa akija kila mwisho wa mwezi kwa basi, anafika usiku, macho mekundu. Agosti 2024 treni ya umeme ilipozinduliwa, safari ikawa ya saa nne hivi, na kila aliyetusikia akasema shida yetu imekwisha. Kwa kweli treni ile ilitusaidia kuahirisha. Alianza kuja mara mbili kwa mwezi, na neno la kuhama likaacha kutajwa mezani.

Mwezi wa Mei 2025 alipiga simu akasema mkataba wa chumba chake unakaribia kwisha. Je, alipe miezi sita mingine, au tuje tuchague nyumba? Aliuliza kwa upole sana, na upole ule ndio uliotutia hofu. Mume anayegomba bado anategemea kitu. Tukamjibu kwamba tutakuja likizo ya Juni, tuone tu.

Tulimweleza mama mchungaji, naye akatuuliza swali moja: "Mtoto mmempa habari?" Tukasema yeye ni mtoto, ataambiwa mambo yakiwa tayari. Mama mchungaji akacheka. Akasema binti wa darasa la tano hahitaji kuambiwa, anasikia kupitia ukutani. Mchukueni, akasema, akaone kwa macho yake. Basi mdogo wake wa miaka mitano tukamwacha kwa mama mdogo, tukakata tiketi mbili.

Nauli ya treni ya kawaida wakati huo ilikuwa shilingi 31,000, na mtoto nusu yake. Binti yetu aliketi dirishani na daftari mapajani, nasi kando yake tukiwa tumejiandaa kwa maswali. Hakuuliza hata moja. Tulipita Ruvu, tukapita Morogoro, tukamwonyesha milima ya Uluguru, akatikisa kichwa. Ni kule upande wa Kilosa tu, treni ilipoanza kuingia kwenye mahandaki, alipoonekana kuchangamka, akawa anayahesabu kwa penseli. Tulipotoka kwenye giza la mojawapo aligeuka akauliza, "Mama, mmeshalipa?"

"Kulipa nini?"

"Hiyo nyumba."

Tukamwambia hatujalipa chochote, tunakwenda kutazama. Alitutazama kama watoto wanavyowatazama watu wazima wanaosema sindano haiumi. Akarudi kwenye daftari lake.

Dalali wa kwanza

Wanaotoka pwani wanadhani bara yote ni joto na vumbi. Vumbi lipo. Lakini mji ule uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni upepo wake unapenya kwenye mifupa. Sisi tulishuka na kandambili na khanga moja moja. Jambo la kwanza tulilonunua Dodoma ni sweta mbili za mtumba.

Dalali alitupokea kwa bashasha, akadai kwanza shilingi 20,000 za usumbufu, ambazo hazirudi hata nyumba isipopatikana. Ukiipata, unamlipa na kodi ya mwezi mzima. Tulikuwa tumeonywa, tukalipa bila kubishana.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Kisasa. Geti jeusi, marumaru zinazong'aa, vyumba vitatu, kimoja cha masta. Kusema kweli tulijiona tumeshafika. Kodi ni 400,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Fanyeni hesabu, akina mama: milioni mbili na laki nne, ongezeni laki nne za dalali, kabla hujanunua hata pazia. Tulikuwa bado tunahesabu kimoyomoyo, tukitafuta jinsi ya kuuza cherehani moja, binti yetu alipofungua bomba la jikoni. Likatoa hewa. Akafungua la bafuni. Hewa tena. Dalali akasema maji ni ya mgawo, yatakuja. Lini? Yatakuja.

Hapa inafaa tueleze kidogo. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe. Mji umeongezeka watu kuliko visima. Kwa hiyo nyumba isiyo na simtanki, au yenye simtanki ambayo maji hayana nguvu ya kupanda, ni nyumba ya kuamka saa tisa usiku na ndoo. Tulimkumbuka Lutu, aliyemwacha ami yake akachagua bonde lenye maji kwa kuangalia kwa macho tu. Mahubiri mengi tumesikia yakimlaumu. Siku ile, mbele ya bomba linalokoroma, tulimwelewa.

Nyumba ya pili ilikuwa kwenye mtaa mmoja wa bondeni, nusu ya bei ile. Mita ya umeme moja kwa wapangaji wanne. Hapo mama yeyote aliyewahi kuchangia LUKU na jirani mwenye friji na pasi anajua nini kinafuata. Hata hivyo bei ilitushawishi. Ilikuwa imepakwa rangi, safi kabisa. Binti yetu alichuchumaa karibu na mlango akauliza kwa nini rangi ya chini ni mpya na ya juu ni ya zamani. Tukainama. Kweli, ukuta ulikuwa umepakwa hadi magotini, kuzunguka vyumba vyote. Tukatoka nje, tukamwuliza mama aliyekuwa akichambua mchele kwenye nyumba ya pili yake kama maji huwa yanaingia. Alimtazama dalali kwanza, kisha akasema, "Mwaka huu yaliishia hapo kwenye dirisha la jikoni kwangu." Sisi wenye kimo cha watu wazima tulikuwa tumetazama dari.

Chumba cha Baba

Baba watoto alikuwa ametumwa Singida kikazi wiki ile, akaacha ufunguo kwa jirani ili tulale kwake. Chumba chenyewe kiko Chang'ombe, nayo ni Chang'ombe ya Dodoma, si ile ya Temeke. Kazi yake iko Mji wa Serikali, Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, kwa hiyo huamka saa kumi na moja alfajiri. Tulikuwa tunayajua haya yote kwa simu.

Tulifungua mlango, tukawasha taa. Kitanda cha futi nne, jiko la gesi la plati moja, sufuria moja, sahani moja, kikombe kimoja, kiti kimoja cha plastiki. Nguo zimetundikwa kwenye misumari, zimepigwa pasi vizuri.

Tuseme ukweli, maana hapa ni kwenu na kwetu. Mama aliyekaa mbali na mumewe miaka miwili ana maswali asiyoyauliza kwenye simu. Mashosti wanamsaidia kuyatunga, na hata kanisani wapo. Basi tulisimama katikati ya chumba kile tukajikuta tunatafuta. Tulitazama chini ya kitanda. Tukatazama dirishani. Tukanusa taulo. Na binti yetu alikuwa amesimama mlangoni akitutazama tunavyofanya.

Akauliza, "Mama, Baba huwa anakula na nani?"

Tulikuwa hatujajibu, ikapigwa hodi. Sauti ya mwanamke gizani: "Baba, umerudi? Nimekuletea mboga." Damu ilitupanda hadi masikioni. Tulifungua mlango kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa. Alikuwa amesimama bibi wa miaka sabini na zaidi, kashika fimbo mkono mmoja na mwingine bakuli la mlenda lililofunikwa kwa sahani. Tukabaki na uso wetu ule ule hadi binti yetu alipotuokoa: "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ninyi ndio wenyewe?"

Tukasema ndio sisi. Bibi aliingia, akaketi kwenye kiti kile kimoja, sisi tukakaa kitandani. Akatueleza kwamba huwa anamwonea huruma mpangaji huyu, anakula mkate na chai siku saba, na wanaume wa namna hiyo hupata vidonda vya tumbo. Akamfundisha binti yetu kusalimia kwa Kigogo, "Mbukwa!", na kila aliposahau, akamrudisha mwanzo. Alipoondoka alisema, "Mmekuja kumchukua au mmekuja kukaa?" Hakungoja jibu.

Taa ilipozimwa, tukiwa tumebanana kwenye futi nne, ndipo daftari la treni lilipofunguka, kwa namna ya kusema.

"Mama, tukihamia huku mtaanza tena?"

"Kuanza nini, mwanangu?"

"Kugombana. Baba akija Dar hamgombani. Lakini anakaa siku mbili tu."

Hatukuwa na neno. Kabla ya uhamisho ule nyumba yetu haikuwa na amani. Ugomvi ulikuwa wa fedha, wa ndugu waliokuja kukaa bila kuulizana, wa nani kachelewa na nani kanuna. Hatukupigana, lakini tuligombana vya kutosha, kwa sauti tuliyodhani haivuki mlango. Alikuwa na miaka tisa alipoondoka baba yake, na yote alikuwa ameyaweka. Na sisi, ambao kila mwezi tulikuwa tunasema shule, wateja, kwaya, tulilala pale gizani tukijua kwamba sababu yetu ya nne na ile ya mtoto ni moja. Siku mbili kwa mwezi mtu yeyote anaweza kupika pilau na kucheka.

Tukamwambia hatujui. Tukamwambia kwamba tutajitahidi, na kwamba akisikia tumeanza ana ruhusa ya kubisha mlango. Akatafakari hilo. Halafu akaomba yeye mwenyewe sala ya usiku, ndefu, ya mdogo wake, ya bibi wa mlenda, na mwishoni akamwomba Mungu ampatie Baba viti.

Alipolala tulitoka nje kwenye baridi tukapiga simu Singida. Tulimweleza swali la binti yake neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu hadi tukadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Nami nimekuwa naogopa hilo hilo." Tulizungumza hadi saa saba usiku, kwa mara ya kwanza tangu aondoke bila kutajiana ada wala bili. Mengine ya simu ile yatabaki yetu.

Siku ya pili

Asubuhi tulimwacha dalali na bei zake. Tulipanda daladala kwenda Ihumwa, kwa kuwa ni karibu na kazini kwa baba. Nyumba mpya zipo nyingi huko, nafasi ni ya kutosha, na kodi si mbaya. Lakini kutoka nyumba tuliyoonyeshwa hadi shule ya msingi mtoto angetembea dakika hamsini, na kati yake hakuna nyumba, ni vichaka na upepo. Tulizitembea zile dakika hamsini wenyewe, saa mkononi. Tunawashauri akina mama mfanye vivyo hivyo. Ukimwuliza dalali, shule iko "hapo tu".

Ile ya mwisho tuliipata Ipagala kwa kuuliza dukani. Muuza duka alitupeleka kwa mwalimu mstaafu, mama mtu mzima, anayekaa nyumba kubwa na kupangisha ndogo iliyo uani mwake: vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji, bati lenye kutu upande mmoja. Si nyumba ya kupigia picha. Ilikuwa na mita yake ya LUKU, simtanki la lita 1,000 juu ya mnara wa matofali, na mwarobaini mkubwa uani. Mwalimu hakuanza na sisi. Alimwuliza binti yetu yuko darasa la ngapi, somo gani linamsumbua, na kama anajua kuosha choo. Akajibu la tano, hisabati, na ndiyo.

Wakati tunazungumza habari za kodi, watoto wa mtaani walikuwa wanacheza rede barabarani na upande mmoja ulipungukiwa mtu. Walimwita. Alitutazama, tukamwambia nenda. Tulimwona kupitia mlango wa uani akikwepa mpira, sweta ya mtumba imemvuka begani, akipiga kelele kwa jina la mtoto ambaye nusu saa iliyopita hakumjua.

Kodi ni 250,000 kwa mwezi, na Mwalimu hupokea miezi mitatu. Miezi sita, alisema, ni kumpa mwenye nyumba usingizi na kumnyima mpangaji. Lakini ana masharti yake: mkataba uwe wa maandishi, usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kila malipo yawe na risiti. Tulimwuliza kuhusu kodi ya jengo, ile ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme. Ni kodi ya mwenye nyumba, ila anayekatwa ni yule mwenye simu mkononi, yaani mpangaji. Mwalimu akasema yeye huipunguza kwenye kodi ya mwezi, na akatuonyesha mkataba wa mpangaji aliyetoka ambamo jambo hilo limeandikwa. Ambaye hajawahi kuliuliza swali hili aliulize kabla hajasaini.

Kuhusu shule, Mwalimu alisema jambo ambalo hakuna dalali angelisema. Mtoto wa darasa la tano ahame mwisho wa mwaka, aanze la sita Januari na wenzake. Mkichelewa hadi la saba, msimhamishe. Mwacheni amalize mtihani alikozoea. Fomu ya uhamisho inatoka kwa mwalimu mkuu wa shule ya sasa, lakini kwanza pateni barua kwamba shule mpya ina nafasi, kwa kuwa madarasa ya Dodoma yamejaa watoto wa waliohamia.

Tulipofungua bomba, halikutoa maji. Mwalimu hakuona haya. Mtaa huu, alisema, maji huja Jumanne na Alhamisi kuanzia saa mbili usiku. Mtume mumeo aje aone, asiamini maneno yangu. Akakubali kutuwekea nyumba hadi tarehe 15 Julai bila kuchukua shilingi.

Kwenye treni ya kurudi binti yetu alichora. Tulichungulia: ni uani, mwarobaini, simtanki, na viti vinne vya plastiki vimepangwa kwenye kivuli. Tukamwuliza kama hiyo ina maana anataka kuhama. Akasema hapana, bado anafikiri, na kwamba rafiki yake wa Tabata ni lazima aje likizo. Nasi tulikuwa bado tunafikiri. Wateja wa miaka tisa hawabebwi kwenye treni. Mwalimu alisema Ipagala kuna mafundi cherehani wawili tu wa kike na sare za shule hazipatikani kwa wakati, lakini kusikia ni kusikia.

Alhamisi iliyofuata, saa mbili na robo usiku, simu iliita. Baba watoto alikuwa Ipagala, uani kwa Mwalimu, na upepo ulikuwa unavuma hadi tukawa hatusikii vizuri. Binti yetu alitunyang'anya simu. "Baba, mpe kwanza Mwalimu." Akamsalimia Mwalimu "Mbukwa!", akachekwa, akaitikiwa. Kisha akamwagiza baba yake aende jikoni, afungue bomba, aweke simu karibu.

Tulisubiri sote watatu, mdogo wake kasimama juu ya stuli ya cherehani. Kwanza bomba lilikohoa. Likakohoa tena. Kisha tukasikia maji yakigonga sinki.

"Yana nguvu?" akauliza.

"Yana nguvu," akajibu baba yake.

"Yaache kidogo," akasema, na hatukumharakisha.